Ndege Sita, Watu Watatu



Safari hii naomba mnivumilie, maana nataka kuandika juu ya muziki usio wa kanisani, na tena usio na neno hata moja ndani yake. Ni albamu iitwayo Avocet, ya mpiga gitaa wa Scotland, Bert Jansch, aliyoirekodi nchini Denmark mwaka 1978 pamoja na wenzake wawili. Kwetu jina lake si maarufu. Hata kwao Uingereza, wengi wanaomsifu humsifu kwa kazi nyingine, na hii huitaja mwishoni, kama mzazi anayekumbuka kumtaja mtoto wa tano baada ya kuwasifu wanne wa kwanza. Mimi nashikilia kinyume chake. Nasema kwamba mtu huyu, aliyepewa heshima maisha yake yote kwa sababu ya kupiga peke yake, alifika mbali zaidi alipokaa na wenzake, akafunga kinywa, na akakubali kwa dakika nyingi kuwa msindikizaji katika albamu yenye jina lake mwenyewe.

Hilo si jambo jepesi kwa mwenye kipaji. Ndiyo maana naona linafaa kuzungumzwa mbele ya watu wanaoimba pamoja kila Jumapili.

Jansch alizaliwa Glasgow mwaka 1943, akakulia Edinburgh. Alipoacha shule alifanya kazi kwa muda katika bustani ya kuoteshea miche, kisha gitaa likamchukua jumla. Albamu yake ya kwanza, ya mwaka 1965, ilirekodiwa nyumbani kwa mtu jijini London kwa mashine ya kanda, naye akaiuza kwa kampuni ya santuri kwa pauni 100. Kwa fedha hizo kidogo ilikuja kuwa shule ya kizazi kizima. Jimmy Page, aliyekuja kutikisa viwanja vya michezo akiwa na kundi la Led Zeppelin, alijifunza kutoka kwake. Neil Young wa Kanada alimheshimu kiasi cha kumchukua katika ziara zake mwaka 2010, Jansch akiwa amekaribia miaka 70.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kumsikia, nieleze hivi. Wazee wetu wanamkumbuka Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye "Masanga" yake ilirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Anayeisikia kwa mara ya kwanza huuliza ni watu wangapi wanaopiga. Ni mtu mmoja: kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene, na kidole kingine kinacheza juu yake kana kwamba kimeajiriwa na mtu mwingine. Jansch alijifunza mbali na Katanga na kwa njia nyingine kabisa, lakini ufundi wake ni wa ukoo huo. Gumba lake lilikuwa zito. Uzi wakati mwingine aliuvuta kwa nguvu hata ukagonga ubao, na sauti ikawa nusu muziki na nusu kishindo.

Sasa, mtu ambaye gitaa lake moja linatosha kuwa watu wawili, anahitaji wenzake kwa ajili ya nini? Hili ndilo swali ambalo albamu ya 1965 haiulizi. Ni nzuri, haina ubishi. Lakini ni nzuri kama chumba chenye mtu mmoja anayezungumza vizuri.

Alikuwa amekwisha kupiga na wenzake kabla ya hapo. Kati ya mwaka 1967 na 1973 alikuwa mmoja wa watu watano wa kundi la Pentangle, pamoja na mpiga gitaa mwingine hodari, John Renbourn, mwimbaji Jacqui McShee, mpiga ngoma Terry Cox na mpiga besi Danny Thompson. Albamu yao Basket of Light ya mwaka 1969 iliuzwa sana. (Ndani yake mna wimbo wa kukesha na maiti, "Lyke-Wake Dirge", ambao mwandishi John Aubrey aliuhifadhi katika karne ya 17. Unaisindikiza roho kupitia miiba na daraja hadi toharani. Miongo mingi baada ya Uingereza kujitenga na Roma, watu wa vijijini huko Yorkshire walikuwa bado wanaimba habari za toharani mbele ya maiti zao. Kwa hilo peke yake kundi lile linastahili shukrani yetu, ila mazungumzo hayo ni ya mwezi Novemba.) Hata hivyo Pentangle lilikuwa kundi la mafundi watano waliogawana jukwaa, kila mmoja alikuwa na fungu lake na jina lake. Kutoa nafasi pale ambapo nafasi imekwisha kugawanywa si kazi ngumu. Ugumu ni kuitoa ile iliyo yako.

Mwaka 1978 Jansch alikuwa na miaka 34. Pentangle lilikuwa limevunjika, alikuwa amejaribu hata ukulima huko Wales, na vijana wa London walikuwa wamehamia kwenye punk, muziki wa kelele na hasira, ambao haukuwa na subira na mtu mwenye gitaa lisilo la umeme. Albamu ikatoka kwanza Denmark, na Uingereza ikaipata mwaka 1979. Nionavyo mimi, wakati huo ulichangia sana kuizika. Dunia inapenda kazi ya kwanza ya kijana na kazi ya mwisho ya mzee. Ile ya kwanza ina mshangao na ile ya mwisho ina machozi. Kazi za katikati hazifanyiwi sherehe. Nami niliye katika miaka ya arobaini nina sababu zangu za kuzitetea.

Niwajulishe wapigaji. Wa kwanza ni yuleyule Danny Thompson wa Pentangle, na ile besi kubwa ya kusimama, ambayo wapenzi wa taarabu ya Unguja wanaifahamu vizuri. Yeye besi yake aliiita Victoria, na aliishi nayo kama mtu anavyoishi na ndugu. Wa pili ni Martin Jenkins, mpiga fidla na filimbi, ambaye hapa anapiga pia mandoselo, ndugu mkubwa wa mandolini, yenye umbo kama lake lakini sauti nene zaidi. Wa tatu ni Jansch. Basi. Hakuna ngoma. Naomba viongozi wa kwaya waisome sentensi hiyo mara mbili.

Vipande viko sita, na kila kimoja kimepewa jina la ndege wa majini au wa nchi zenye maji. Huyo avocet aliyeipa albamu jina ni ndege mweupe mwenye mabaka meusi, miguu mirefu, na mdomo mwembamba uliopinda kuelekea juu, ambao huupitisha kushoto na kulia katika maji ya kina kifupi kama mtu anayefyeka nyasi. Waliofika Nakuru, Magadi au Manyara huenda wamemwona bila kumuuliza jina, kwa kuwa macho yote yalikuwa kwa flamingo. Uingereza alikuwa ametoweka kwa takriban miaka 100. Hakutaga tena huko. Kisha wakati wa Vita Kuu ya Pili baadhi ya nyanda za pwani ya Suffolk zikaachwa zifurike maji ili kuwazuia Wajerumani wasishuke, na mwaka 1947 ndege hao wakarudi kuzaliana katika madimbwi hayo. Chama cha kuhifadhi ndege cha nchi hiyo kimemfanya kuwa nembo yake. Sidai kwamba Jansch aliyafikiria hayo yote alipokuwa akichagua jina. Nasema tu kwamba ni jina lenye historia.

Kipande cha kwanza, chenye jina hilo, kina urefu wa dakika 18 hivi. Kinajaza upande mzima wa santuri. Msingi wake ni wimbo wa zamani wa watu wa Uingereza, "The Cuckoo", ambao umevuka bahari hadi milima ya Marekani na kuimbwa huko na watu wasiojua ulitoka wapi. Pentangle waliuimba katika ile Basket of Light, maneno yakiwa kinywani mwa McShee. Miaka tisa baadaye Jansch anaurudia wimbo uleule na kuyaondoa maneno. Hakuna anayeimba. Tunabaki na njia ya sauti peke yake, na watu watatu wanaitembea, wanaiacha, wanapotea kidogo vichochoroni, kisha wanaikuta tena mahali usipotazamia.

Msikilize Jansch anavyofanya humo. Anaanzisha jambo, Jenkins analipokea na kulipeleka kwingine, na badala ya kumfuata mbio kwa ajili ya kumkumbusha nani mwenye nyumba, Jansch anarudi nyuma na kurudiarudia mafundo machache ya sauti, kwa uthabiti, kama mtu aliyeshika ngazi wakati mwenzake amepanda juu. Mkono uleule uliowastaajabisha watu mwaka 1965 sasa unashika ngazi. Besi haiwi sakafu tu ya kukanyagwa na wengine. Thompson anajibu, anapinga, mara anakaa kimya kiasi cha kukufanya ugeuke kumtafuta. Naam, kunyamaza nako ni kupiga. Mpigaji anayejua lini asipige ni adimu kuliko anayejua kupiga haraka.

Ndugu mmoja niliyempa albamu hii asikilize alinirudishia na swali la haki kabisa: "Padre, sasa wanasema nini?" Ni swali la mtu aliyelelewa katika nyimbo za mafundisho, ambazo ubeti wa kwanza unataja tatizo na wa nne unatoa suluhisho. Sitamdharau kwa hilo. Lakini Mtakatifu Augustino, akieleza Zaburi ya 33, alikwisha kuona kwamba wavunaji shambani huanza kuimba kwa maneno, kisha furaha inapowazidi huyaacha maneno na kubaki na sauti tupu; na hiyo ndiyo aliyoiita shangwe. Wenye kuifahamu ile Aleluya ndefu ya Kilatini wanajua jambo hili kwa masikio yao: silabi ya mwisho inatambaa kwa muda mrefu pasipo neno jipya, na hakuna anayesimama kuuliza inasema nini. "The Cuckoo" ya Jansch imepita njia hiyohiyo ya wavunaji. Ilikuwa na maneno, yakaimbwa mpaka yakaisha, ikabaki sauti. Hayo sitayaita sala, kwani yeye mwenyewe hakuyaita hivyo, na si haki kumbatiza mtu bila ridhaa yake. Nasema tu kwamba sikio linalodai maneno kila wakati limezoea kulishwa kijiko kwa kijiko.

Upande wa pili una vipande vitano vifupi zaidi. "Lapwing" hakifikishi dakika mbili, nami nakipenda kuliko vyote. Humo huyu mpiga gitaa mashuhuri ameliweka gitaa chini na kukaa kwenye piano, chombo ambacho si cha umahiri wake. Anapiga kwa unyofu, bila kujaribu kukificha kiwango chake, kisha ananyamaza. Hebu fikirini ni wangapi kati yetu wangekubali kuonekana wa kawaida katika kitu chenye jina lao jaladani.

Kinachofuata ni "Bittern". Huyo ni ndege wa matetea, jamaa ya korongo. Haonekani kwa urahisi kwa sababu rangi yake ni ya mafunzi, ila sauti ya dume ni nzito kama mtu anayepuliza mdomo wa mtungi, na husikika kilomita kadhaa. Si ajabu basi kwamba hapa besi ya Thompson imepewa uwanja mpana. Anayesikiliza kwa spika ndogo za simu hatasikia hata robo ya kinachotokea, na atasema ni kipande kirefu kisicho na kitu. Kinahitaji spika zinazostahimili sauti za chini, au vifaa vizuri vya masikioni, na chumba kisicho na televisheni. Kisha zinakuja "Kingfisher", yaani mdiria wetu, na "Osprey", yule ndege mla samaki ambaye majira ya baridi ya Ulaya humleta hata kwenye maziwa yetu, na mwisho "Kittiwake", ndege wa majabali ya bahari aliyepewa jina kutokana na mlio wake. Kama kuna mahali ambapo mgeni anaweza kuingia bila kubisha hodi, ni "Kingfisher".

Nisiisifie mno. Katikati ya zile dakika 18 kuna sehemu ambapo wote watatu wanatafuta njia na hawaipati mara moja, na msikilizaji aliyechoka atalala usingizi. Filimbi nayo, kwa ladha yangu, inapoingia inaupa muziki rangi ya filamu za miaka ya 1970, wakati fidla na mandoselo hazijazeeka hata siku moja. Wapo pia wanaosema kwamba kazi hii ni ya kupendeza tu, haina uchungu ule wa nyimbo zake za ujana, ambamo alimwomboleza rafiki aliyeuawa na dawa za kulevya. Hoja hiyo naiheshimu. Ila naona inachanganya uchungu na kina. Mtu anaweza kulia kijuujuu, na anaweza kufurahi kwa kina. Na furaha ya watu watatu wanaosikilizana ni ngumu kuitengeneza kuliko huzuni ya mmoja, kwa sababu huzuni ya mmoja haihitaji idhini ya mtu mwingine.

Nimeona vijana wengi wenye vipaji wakiletwa kwenye kinanda au gitaa la kwaya. Wengi wamefundishwa, na hakuna aliyewafundisha kwa ubaya, kwamba fundi hujulikana kwa kujaza kila pengo. Sauti ya nne ikivuta pumzi, kinanda kinaingiza mbwembwe. Wimbo ukitua, ngoma ya mashine inaendelea yenyewe kama gari lisilo na breki. Kisha tunashangaa kwa nini waamini hawaimbi. Waingilie wapi? Hakuna mlango ulioachwa wazi. Sidhani kwamba dawa ni kuvikataza vyombo. Ningependa kijana mmoja wa namna hiyo akae na upande wa kwanza wa Avocet na kazi moja tu: ahesabu ni mara ngapi Jansch alikuwa na uwezo wa kupiga zaidi, na hakupiga. Kazi hiyo itamchukua zaidi ya jioni moja.

Baada ya albamu hii Jansch na Jenkins waliendelea pamoja kwa muda katika kundi dogo lililoitwa Conundrum, nalo halikudumu. Pombe ilimwandama Jansch mpaka mwaka 1987, alipougua vibaya akaiacha. Alifariki London tarehe 5 Oktoba 2011 kwa saratani ya mapafu. Jenkins alikuwa ametangulia mwaka huohuo. Mwaka 2016 Avocet ikachapwa upya, na ndipo watu wengi walipoisikia kwa mara ya kwanza, miaka karibu 40 baada ya kurekodiwa. Thompson, wa mwisho wa wale watatu, alifariki Septemba 2025 akiwa na miaka 86.

Kwa anayetaka kujaribu, namshauri asianze na zile dakika 18. Aanze na "Kingfisher", kisha arudi nyuma hadi "Bittern" akiwa ametulia. Kipande kirefu akiweke kwa usiku ambao umeme haukukatika na watoto wamelala. Asikilize mara ya kwanza akilifuata gitaa, mara ya pili akiifuata besi peke yake tangu mwanzo hadi mwisho.